Mashine ya Fundi Taratibu

Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna kiti alichowahi kukikabidhi siku aliyoahidi. Walimvumilia, maana viti vyake vilidumu. Aliviunga kwa mkono: anachonga ulimi kwenye ncha ya ubao mmoja, anachimba tundu kwenye ubao wa pili kwa patasi na nyundo, kisha anazipachika mbao zikabana.

Mwaka huo vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu. Baadaye patasi ikawa inamponyoka katikati ya kazi. Hakumwambia mtu. Chai aliinywa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akisingizia baridi.

Muuza vifaa akamwonyesha mashine ndogo ya umeme. Inatoboa tundu kwenye mbao zote mbili, halafu unachomeka kipande cha mti kilichopakwa gundi, nusu huku, nusu kule. Kuchonga ulimi hakuna tena. Taratibu aliposikia bei, alitafuta pa kukaa. Ilikuwa akiba yote aliyoweka na mkewe kwa ajili ya paa.

Usiku akawa anapiga hesabu. Akinunua na viungo vya viti vikaachia, jina limekwenda na paa limekwenda. Asiponunua, mkono huo utamfikisha wapi?

Mwishowe aliomba kuijaribu. Muuzaji akamruhusu atengeneze kiti kimoja palepale dukani. Gundi ilipokauka, akakibeba hadi nyumbani, akamwita shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa miraba minne.

"Kaa, shemeji. Yumba unavyotaka."

"Nikianguka utaniuguza wewe."

Shemeji akaketi, akaegemea nyuma, akaanza kuyumba. Kiti kikalia. Taratibu alisimama roho juu. Mara, kacha! Shemeji akawa chini, miguu hewani. Taratibu hakumpa hata pole, alikimbilia kiti. Mguu wa kiti ulikuwa umekatika katikati, kwenye mti wenyewe. Kiungo kilikuwa kimeshika vilevile.

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, hakutazama kiti. Aliushika mkono wa kulia wa mumewe, akaminya kidole kimoja kimoja.

"Hapa unasikia?"

Akajaribu kuuchomoa mkono.

"Nimekuona unavyonywa chai, baba. Kanunue."

"Na paa?"

"Paa linavuja tangu tuhamie, tumeshalizoea. Wewe ukikaa bure nyumbani kutwa nzima, sitakuzoea."

Shemeji akacheka hukohuko chini. Taratibu alijaribu kucheka, hakuweza.

Alinunua. Viti vya kwanza alimpelekea mshona nguo wa mtaa wa pili, na kwa miezi mingi akawa anapita hapo kwa kisingizio cha kusalimia. Kabla salamu hazijaisha, ameshainama kutikisa miguu ya viti.

"Fundi, vina nini hivi viti?" mshonaji akauliza siku moja.

"Havina kitu," akasema, akahamia cha pili.