Gari Lililosukumwa Bila Kukwama

Nimefundisha udereva Ipuli, hapa Tabora mjini, kwa miaka mingi, na somo ninalolirudia kuliko yote ni hili: gari likinyamaza, usiogope. Vuta breki ya mkono, pumua, anza upya. Sikufikiri kwamba siku moja ningetakiwa kuwaeleza watu kuwa gari linaweza kunyamaza huku likiwa zima kabisa.

Mume wa mdogo wangu alikuwa amenunua gari la haibridi, refu, jeupe, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Matumaini yake yalikuwa kwenye kazi moja. Kikundi cha warina asali upande wa Sikonge kilitafuta gari la kutoa asali msituni wakati wa mvua na kuileta Tabora mjini. Asipoipata kazi hiyo, gari lingerudi kwa aliyemuuzia. Mdogo wangu alimwambia hivyo mbele yangu bila kupandisha sauti, na anayemjua anaelewa hapo hakuna rufaa.

Warina asali walikuwa na shaka moja: gari la umeme, ndani ya maji, halitaua watu? Shemeji akaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Angepanda kichuguu, angeingia mbugani, bondeni kwenye maji na tope, angesimama makusudi katikati, kisha angeondoka. Mimi ningekaa pembeni yake nimepakata ndoo ya asali isiyo na kifuniko, ili waone haimwagiki.

"Kwanza waeleze linavyofanya kazi," nilimwambia njiani.

"Shemeji, wewe ukianza kueleza, masika yanakwisha. Hawa wanataka kuona."

Basi nieleze hapa, maana kule sikupewa nafasi mapema. Fikiria kinu kimoja na watwangaji wawili. Mmoja ni injini ya petroli: ana nguvu, lakini akitwanga mtaa mzima unajua. Mwenzake ni mota ya umeme, anatwanga kimya. Kazi ikiwa nzito wanatwanga pamoja. Ikiwa nyepesi, yule wa kimya anatosha. Gari likisimama, wote wawili wanapumzika. Hilo la mwisho ndilo lililotuponza.

Kichuguu tulikipanda vizuri. Pua ya gari ilielekea mawinguni, gurudumu moja likabaki hewani, na asali ikanisogelea kidevuni ikafikiri, kisha ikarudi ndooni. Tuliposhuka upande wa pili tulipigiwa vigelegele. Mwenyekiti wa kikundi, mama aliyevaa buti za mvua na kitenge cha kwaya, aliandika kitu kwenye daftari lake.

Tukaingia mbugani. Shemeji alifika katikati ya udongo mweusi, akakanyaga breki, na gari likanyamaza kama lilivyotengenezwa linyamaze. Akashusha kioo ili ahutubie.

"Sasa mtaona..."

Hakumaliza. Kwetu hakuna mtu anayeona gari limenyamaza mbugani akakunja mikono. Hata anayekwenda mazikoni husukuma kwanza. Kabla sijapata pa kuweka ndoo, watu kama ishirini walikuwa nyuma yetu, suruali zimekunjwa, kanga zimefungwa viunoni.

"Jamani, halijakwama," shemeji alisema.

"Wote husema hivyo," mzee mmoja akamjibu. "Wewe shika usukani tu, baba."

"Mama mwenyekiti, shikamoo. Tafadhali waambie..."

"Marahaba, mwanangu. Usione aibu. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Kusukuma gari kwetu ni mapumziko. Haya, moja, mbili..."

Kwenye tatu, shemeji, kwa kukosa la kufanya, akakanyaga mafuta taratibu. Gari likatoka kimya kama kijiko kwenye uji. Wasukumaji wote wakalala kifudifudi, na nusu ya asali ikahamia kwenye sketi yangu.

Waliinuka wakicheka, wakipeana mikono ya tope.

"Limetoka lenyewe," shemeji akawaambia.

"Mkwe wa watu huyu, hata kushukuru hajui," mzee akasema.

Shemeji alirudia kusimama topeni. Wakalisukuma tena. Mara ya tatu kulikuwa na watu walioacha majembe shambani ili wasipitwe. Shemeji alishuka, akaegemea boneti, akaniambia kwa sauti ndogo, "Haya, waeleze."

Nikawaeleza habari ya kinu, huku nikijipangusa asali. Walisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Huyo anayetwanga kimya," mama mwenyekiti akauliza, "ndiye aliyekuwa kazini pale topeni?"

"Ndiye."

"Peke yake?"

Nikawatazama wale watu, tope mpaka kwenye nyusi. Mwalimu hatakiwi kusema uongo. Nikaanza kukohoa.

Hakungoja nimalize. Akateta na wenzake, kisha akafungua daftari. "Hofu ya umeme wake tumeisahau. Tumeligusa wote, tumesimama majini, na tuko hai. Tena lile lori la mwaka jana tulilisukuma tangu asubuhi mpaka jioni. Hili halijatutoa hata jasho. Hatujawahi kusukuma gari jepesi namna hii. Tunalichukua."

Shemeji akafungua mdomo kumsahihisha. Nikamkanyaga mguu, kama ninavyokanyaga breki yangu ya pembeni mwanafunzi anapoelekea mtaroni.

"Asante, mama," akasema. "Asanteni kwa kunisukuma."