Shali ya Baba Mdogo

Baba mdogo alinukia langilangi, maana siku za kazi alichochea moto kiwandani kule Nosy Be walikokamua mafuta ya maua hayo. Siku za harusi alipiga gambusi. Akija kwetu Mahajanga kwa meli, nyumba ilijaa watu hata hajavua viatu. Wale waliosema muziki haramu nao walisimama chini ya dirisha, eti wanapunga upepo. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu, wala sioni haya kusema.

Sisi asili yetu Ngazija. Kwetu mwanamume asiyefanya harusi kubwa, ile ya kuchinja ng'ombe na kulisha mji, hahesabiwi mtu mzima. Havai shali ya heshima begani, na msikitini hukaa nyuma na vijana hata awe na mvi. Baba mdogo alizipigia gambusi harusi za wenzake wote. Yake hakuifanya.

Alifia kwetu miaka michache baada ya Wamalagasi kupata uhuru, asubuhi ya harusi aliyoijia. Watu wakafurika mpaka barabarani, Wamalagasi na Wahindi humo humo. Vijana wakaomba jeneza lake lifunikwe shali ya heshima. Wazee wakamgeukia baba, maana ndiye kaka mtu.

"Mila ni mila," baba akasema. "Hakuitimiza."

Lo, nilimchukia!

Bibi, mama yao wote wawili, alikuwa nasi wanawake nyuma ya pazia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, wale ng'ombe wa harusi yako walikuwa wa nani?"

Baba akaishika shali yake begani.

"Sema basi. Mdogo wako aliwafuga kwa harusi yake mwenyewe, akakupa wewe. Au nimesahau mimi, uzee huu?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ndiyo kwanza nasikia habari hiyo. Baba alikohoa, akavua shali yake begani, akaitandaza juu ya jeneza na kuzinyoosha pembe zake. Kisha wakaondoka kwenda kuzika.

Shali ilirudi, mama akaifua na kuipiga pasi. Baba hakuivaa tena. Ijumaa iliyofuata kaka yangu alitoka msikitini akatuambia kwamba baba amekuja safu ya nyuma, akaketi pale pale alipokuwa akiketi baba mdogo. Wazee walimwita safu ya mbele. Aliwajibu kwamba hapo panamtosha, na hapo alikaa mpaka naye akafa.