Gari ya Babu Ilikuwa na Jina

Kama umewahi kupita Homa Bay siku ya Jumapili, pale chini karibu na maji, unajua kunakuwanga na kila aina ya watu. Kuna wa kupiga picha, kuna wa kukula samaki, na kuna wa kuangalia wenye wanakula samaki. Mimi niko kwa hiyo kundi ya mwisho. Nilikuwa nimetoka Migori na nduthi, hii pikipiki yangu ya kazi, nimebeba mteja, nikasema wacha ninyooshe mgongo kidogo kabla nirudi. Ndio nikaona hizo magari.

Zilikuwa zimepangwa laini moja. Magari za kitambo, zile ukiona moja unakumbuka mtu amekufa. Zimepigwa rangi, zimesuguliwa mpaka unaweza kuchokoa meno ukijiangalia kwa mlango. Wenyewe wamesimama kando wamekunja mikono kama wazazi siku mtoto anaimba shuleni. Hazikuwa zinauzwa, hazikuwa zinabeba mtu. Zilikuwa tu zinaangaliwa. Mzee mmoja alikuwa anaelezea mwenzake vile alitafuta kioo cha taa ya nyuma mpaka akaipata Rongo, kwa mama mmoja alikuwa anawekea chumvi ndani. Wanacheka, wanashikana mabega. Sijawahi kuona watu wazima wanapapasa mlango ya gari vile unapapasa ng'ombe wa maziwa.

Ya mwisho kwa laini ilikuwa pijo. Kijani. Ndugu yangu, miguu ilisimama kabla mimi niiambie isimame.

Mwenyewe alikuwa mama fulani wa miwani, mwalimu amestaafu. Akaniona nimeganda.

"Kijana, unaipenda?"

"Kwetu kulikuwa na kama hii, mwalimu. Ya babu yangu."

Hapo akafurahi kama mtu amepata jamaa wa ukoo. Akanifungulia mlango, akanionyesha kiti, akanionyesha injini, mwisho akanionyesha magurudumu. Tatu zilikuwa na ile kofia ya chuma inang'aa, ile kama sinia inafunika katikati. Ya nne haikuwa nayo. Ametafuta hiyo kofia kila mahali, ameambiwa labda ng'ambo. Mimi nilikuwa najua moja iko wapi. Iko Rangwe, kwa boma ya nyanya yangu, na kuku wanakunywia maji.

"Sisi hapa kila mtu amepatia yake jina," mwalimu akasema. "Yangu ni Malkia. Ya babu yako mliitaje?"

Sasa wewe unanijua. Mimi mdomo yangu haijawahi kukosa kitu ya kusema. Darasa la nane nilimaliza na maksi kidogo na maneno mengi. Lakini hapo nikaangalia viatu.

"Haikuwa na jina, mwalimu," nikasema.

Nikapanda nduthi nikaondoka. Na badala ya kurudi Migori nikashika barabara ya Rangwe.

Ilikuwa na jina.

Babu alinunua hiyo gari akiwa bado anafanya kazi ya sukari huko Awendo, na alipostaafu ikastaafu na yeye. Stata ilikufa mapema sana. Fundi alisema hiyo kitu haipatikani tena, tuisahau. Babu hakusahau gari, alisahau stata. Alikuwa anasema, "Mungu hakunipa stata, alinipa mlima." Maana boma yetu iko kwa mteremko, unajua vile Rangwe imekaa, na ukiachilia gari kutoka juu pale kwa mti wa siala, inateremka yenyewe, unaweka gia ya pili, unaachilia klachi, inakohoa, inashika.

Na sisi ni Wasabato. Sabato haufanyi kazi, na kusukuma gari ni kazi, hata ukiuliza punda. Kwa hivyo kila Ijumaa, kabla jua haijaingia, kulikuwa na kazi mbili kwa hiyo boma. Dani, yaani nyanya, anamaliza kupika ya kesho: nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kwa sufuria kubwa, mboga ya sukuma wiki imekatwa nyembamba kama uzi, na chai ya maziwa ndani ya thamosi. Na sisi wajukuu tunasukuma gari kupanda mlima, tunaigeuza iangalie kanisa, tunaweka mawe mbele ya magurudumu. Mikono inanuka kitunguu na grisi. Njiwa zinalia kwa mti. Babu amekaa kwa usukani na kofia yake, anasema, "Pole pole, wazee wangu, huyo ni mama yenu." Jua ikiguswa na mlima, kila mtu anawacha. Kesho yake asubuhi tunaingia na nguo safi, babu anatoa jiwe moja na mguu, na gari inaenda kanisani bila mtu kutenda dhambi.

Shida ilikuwa kurudi. Kiwanja ya kanisa ni bapa kama meza. Ibada ikiisha, watu wote wamesimama nje wanasalimiana, na sisi tumejipanga nyuma ya gari na viatu za Sabato. Babu alikuwa ameamua kwamba kurudisha wazee na wagonjwa nyumbani ni kazi ya huruma, hiyo inaruhusiwa. Labda iliruhusiwa mbinguni. Hapa chini watoto wenzetu walikuwa wanatuangalia. Moshi inakupiga kwa uso, vumbi inaingia kwa meno, na wasichana wa kwaya wamefunika mdomo na vitabu vya nyimbo. Aibu ya mtoto haina breki, ndugu yangu. Mimi nilikuwa naomba ardhi inimeze, halafu nakumbuka ikinimeza atapungua mtu mmoja wa kusukuma.

Sasa mcheshi akichekwa hufanya nini? Anacheka kwanza, ndio wengine wapate imechekwa. Siku moja kwa shule ya Sabato kijana mmoja akaniuliza gari yetu ni aina gani. Nikamwambia hiyo ni Sukuma Wiki. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Si ni kijani, na kila wiki tunasukuma?"

Alianguka kwa benchi. Nilisikia raha, siwezi kukudanganya. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanacheka gari na mimi niko upande wa wenye wanacheka.

Jina nzuri haihitaji nauli. Baada ya muda kidogo, watoto wa barabarani walikuwa wanaimba tukipita, "Sukuma Wiki! Sukuma Wiki!" Na babu, jamani. Babu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuketi mbele. Siku moja alisimamisha gari kando ya hao watoto, injini ikiunguruma, akatoa kichwa kwa dirisha, akawaambia kwa upole, "Watoto wangu, leo ni Sabato. Hata mboga haiuzwi." Alifikiria wanauza. Wale watoto walikimbia ndani ya mahindi kucheka. Sisi kwa kiti cha nyuma tuliuma mikono. Dani alikuwa mbele, hakugeuka. Lakini niliona shingo yake imesimama wima, na nikajua dani amesikia vizuri.

Ningewacha hapo. Lakini maneno ikishatoka kwa mdomo si yako tena, inatafuta watu wake.

Makambi ya mwaka huo makanisa mengi yalikutana. Unajua makambi: hema, vumbi, harufu ya maharagwe kwa masufuria makubwa, watu wa Oyugis, watu wa Mbita, watu wa Rusinga wamekuja na samaki kavu kwa magunia. Babu alikuwa ameketi mbele na wazee wengine, suti ya kahawia, kofia kwa goti. Kijana wa matangazo alikuwa mgeni, hakujua mtu. Akachukua kipaza sauti akasema, "Kuna gari ya kijani imefungia lori ya maji. Naambiwa inaitwa Sukuma Wiki. Mwenyewe tafadhali aisukume."

Hema nzima ilicheka. Na babu akacheka. Hiyo ndiyo sehemu sipendi kukumbuka. Alicheka na wengine, mabega inaruka, kwa sababu hakujua. Alikuwa mtu anapenda mzaha. Mzee wa kando yake akamgusa goti, akainama, akamwambia kitu kwa sikio. Babu akaendelea kucheka kidogo tena, ile ya mwisho, kama gari imezimwa na bado inatetemeka. Halafu akachukua kofia yake, akavaa, akasimama. Alipita katikati ya hema yote, pole pole, akisalimia watu.

Vijana wakatoka mbio kumsaidia. Walisukuma wakiitikiana. Mmoja anasema "Sukuma," wengine wanasema "Wiki." Babu alishika usukani na mikono mbili, anaangalia mbele kama kuna mahali anaenda. Hakukuwa na mahali, ilikuwa tu kusogea lori ipite. Mimi sikusukuma. Nilikuwa nyuma ya hema ya jikoni, nimejificha kati ya magunia ya makaa, suruali yangu nyeupe ya kwaya ikageuka ya fundi wa welding.

Nyumbani nilingoja nipigwe. Hakuna mtu aliuliza kitu. Ijumaa ilipofika, sisi wajukuu tukasimama nyuma ya gari kama kawaida, tunangoja babu atoke na kofia. Akatoka na magongo mbili za kutembelea, moja yake, moja ya dani.

"Hiyo wacheni," akasema. "Gari pia ni Msabato. Wacha ipumzike."

Tulicheka, ilikuwa mzaha mzuri. Kesho yake alitembea kwenda kanisani na goti yake mbaya, na wale wazee na wagonjwa wenye alikuwa anabeba wakatembea pia, au wakabaki. Mimi nilitembea nikiwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nimefurahi, wewe. Hakuna kusukuma, hakuna moshi, viatu safi mpaka nyumbani. Ilichukua miaka nijue nilikuwa nafurahia nini.

Kitu kingine pia kilikoma na hakuna mtu alisema. Dani hakupika sukuma tena. Ile shamba ndogo nyuma ya jikoni aling'oa yote akapanda osuga na dek. Mboga chungu, unapika na maziwa siku mbili ndio iwe tamu. Mgeni akileta sukuma, anashukuru, halafu ng'ombe anakula. Kwa hiyo boma hiyo neno haikutajwa mbele ya babu mpaka tukamzika.

Gari ilibaki pale pale tuliiacha, chini ya mteremko. Kuku waliingia kwanza, halafu nyasi, halafu nyuki. Baadaye watu wa skrapu wakapita, wakaikata vipande kwa mchana mmoja, wakabeba. Saa hii labda ni jiko kwa nyumba ya mtu Sori. Labda ni jembe. Na ndio huko Homa Bay watu wanatafuta kioo ya taa ya nyuma kama wanatafuta mtoto amepotea.

Basi nikafika Rangwe. Dani alikuwa kwa kivuli cha nyumba anachambua maharagwe. Ameisha, amekuwa mdogo, lakini macho bado ni ya askari.

"Nyakwara, mjukuu wangu, umekuja na njaa ama umekuja na shida?"

"Nimekuja kukusalimia, dani."

"Shida basi."

Ile kofia ya gurudumu ilikuwa pale pale, imekaa kwa vumbi kama sahani, jogoo ameinamia anakunywa. Nikamwambia dani habari ya yule mwalimu, na pijo ya kijani, na vile hiyo kitu inatafutwa mpaka ng'ambo. Nikamwambia watu sasa wanaziheshimu hizo magari, wanazipanga, wanazipatia majina.

Alichambua kidogo.

"Hiyo ni ya kuku," akasema. "Kuku hawajawahi kuionea aibu."

Nilitafuta mzaha. Kwa kweli nilitafuta, nikapekua kila mfuko. Sikupata.

"Babu alijua ni mimi?" nikauliza.

"Kwa hii boma nani mwingine ana mdomo?" Akatupa haragwe moja mbovu. "Alisema jina ni nzuri. Alisema, huyu mtoto ana akili. Alisema tu, 'Angeniambia mimi kwanza, ningecheka naye.'"

Nilienda nikasimama pale juu kwa mti wa siala. Mti ulikatwa, iko kisiki tu. Mteremko wamelima, kuna mahindi mpaka chini, hata gari ingekuwepo haingepata njia. Mawe yetu ya kuzuia magurudumu nilikuta moja, imeshikilia mlango ya choo. Njiwa bado zinalia, lakini watoto wa kuziambia zinyamaze hawako, wako Nairobi, wako Kisumu, mmoja yuko chini karibu na babu. Niliweka mikono hewani, mahali nyuma ya gari ilikuwa inakaa, nikajihisi mjinga, nikashuka.

Dani alikuwa ametuma mtoto wa jirani dukani. Nikaingia jikoni nikasikia kisu kwa ubao, ile sauti ya kukata nyembamba kama uzi, na nikajua kabla sijaona. Alinipakulia ugali. Kando yake akaweka sukuma, ya kijani kabisa, na kitunguu na nyanya, vile alikuwa anapika Ijumaa.

Akaketi mbele yangu, akaniangalia. Nilimega, nikachovya, nikaweka kwa mdomo. Ilikuwa tamu kama zamani, na haikushuka. Ilikaa pale kwa koo.

"Imekwama?" dani akauliza.

Nikaitikia na kichwa.

Akanisogezea kikombe cha maji. "Sukuma," akasema.