Kazuma na Mashine Isiyotoka

Kazuma Hatakeyama alitoka Akita, kaskazini, kwenye theluji nyingi na watu wasiopenda kelele, akaja Osaka kuuza mashine za michezo za kushika mkononi. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote. Sasa kona yake katika duka kubwa la vifaa vya umeme ilikuwa hatarini: mashine mpya ya michezo isipoanza kutoka, yaani kununuliwa, kufikia Jumapili, mahali pale pangepewa mashine za kufulia, naye angerudishwa stoo.

Jumapili ikafika, haijatoka hata moja. Kazuma alishinda amesimama akieleza chipu ilivyo na nguvu, kioo kinavyong'aa, picha zinavyokwenda bila kukwama. Watu waliitikia kwa adabu, wakapita.

"We kijana," alisema Mama Umemoto, muuza achari wa soko la jirani aliyekuja kununua betri, "hiyo ni hotuba ya mazishi? Hata marehemu angesinzia."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Kazuma akainama. "Samahani, mama. Lakini hii ina nguvu kuliko zote."

"Itanibebea mapipa ya figili? Humo ndani mna mchezo gani?"

Hapo ndipo palipouma. Mchezo mkubwa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ile ulikuwa umeahirishwa. Ulikuwepo mmoja mdogo tu, kazi ya vijana watatu wa papo hapo Osaka: unakaanga vitumbua vya pweza, chakula ambacho mji ule unajivunia, unavigeuza kwa kijiti kabla havijaungua. Bwana Nagase, mkuu wa kitengo, alikataza usionyeshwe. Alisema unaiaibisha mashine, maana hata simu ya zamani ingeuweza.

Kazuma akauwasha.

Kitumbua cha kwanza akakiunguza. Cha pili akakipasua.

"Toba! Unageuza mapema!" mpita njia mmoja akapaza sauti.

"Zungusha, usichome!"

"Nani kamruhusu huyu jikoni?"

Watu wakajaa. Mtu wa Osaka avumilie kuona vitumbua vikiteswa namna ile? Mama Umemoto akamnyang'anya mashine. "Lete hapa, mwanangu. Kwenu mnakula nini, theluji?"

Akageuza safu nzima, vikatoka mviringo, rangi ya kahawia. Mzee mmoja nyuma yake akasema mama amechelewa kidogo kuvigeuza. Mama akamwambia basi apange foleni naye aje aaibike. Foleni ikarefuka hadi upande wa kuuzia hita.

Bwana Nagase akatokea, uso kaukunja. "Hatakeyama! Nilikwambia nini?"

"Uliniambia niuze, bosi." Kazuma hakushusha macho. "Watu hawaendi nyumbani na chipu. Wanataka kucheka hivi na wenzao."

"Gombaneni pembeni huko, mnanikingia mwanga!" Mama Umemoto alifoka. "Na wewe mwenye tai, nifungie moja. Dada yangu hujiona bingwa wa vitumbua, lazima nimshinde."

Wengine wawili wakanyoosha mikono, nao wanataka kununua. Wakati huohuo wachukuzi wakaingia wakisukuma mashine ya kufulia, wakauliza waiweke wapi.

Bwana Nagase aliitazama foleni, akashusha pumzi. "Ipelekeni juu, ghorofa ya tatu."

Kisha akamsogelea Kazuma. "Hao vijana watatu, una namba yao?"

"Ninayo, bosi."

"Waulize kama wana mchezo mwingine."