Mkono Usipite Hapa

Kwa miaka ishirini na miwili Tarlan aliishi kwa maneno matatu tu: juu ya macho. Ndivyo tunavyojibu sisi watu wa mji wa Tabriz tukiamriwa na mkubwa, na katika chumba cha upasuaji mkubwa alikuwa Daktari Kalantari. Sista, geuza taa. Juu ya macho, daktari. Sista, shusha meza. Juu ya macho. Hata angeambiwa ashushe dari, mama wa watu angetafuta ngazi.

Tunaiita adabu, lakini tusidanganyane. Mtu anakukanyaga kidole, nawe unamwomba radhi kwa kuuacha mguu wako njiani! Sokoni haidhuru, mtacheka mpite. Mezani pa upasuaji, ambapo aliyelala hawezi hata kusema "aa, naumia," adabu hiyo inalemaza watu.

Siku yenyewe aliyelala alikuwa Mahpara, mfuma mazulia wa mtaa wa Maralan, akipasuliwa utumbo. Mkono wake wa kulia ulinyooshwa juu ya kiegemeo, kile kibao kinachofungwa kando ya meza ili dawa ziingie mshipani bila shida. Daktari alitaka nafasi ya kusimama.

"Peleka mkono juu kidogo, sista."

Tarlan akaupeleka.

"Bado."

Akaupeleka tena, ukapita pembe mraba, ukaelekea kichwani. Aliona. Aliijua mishipa ya fahamu inayopita kwapani, na alijua inavyovutika mkono ukikaa hivyo. Maneno yalimfika kooni, akayameza. "Juu ya macho, daktari." Mkono ukakaa vilevile kwa muda wa saa tano.

Mahpara alizinduka tumbo likiwa salama na mkono umekufa ganzi. Wakamwambia aliulalia vibaya, itapita. Haikupita. Miezi minane baadaye alikuwa bado hawezi kushika ile ndoano ya kufungia mafundo ya zulia, kazi aliyoianza akiwa na miaka saba.

Tarlan alimwendea na boksi la biskuti za lozi. Akakaa mbele ya zulia lililoachwa nusu, akatoboa yote: nani aliamuru, nani aliupeleka mkono, na nani alinyamaza. Kisha akaangua kilio.

"Hebu nyamaza!" Mahpara akamkaripia. "Hayo machozi nitayafuma? Mwenye haki ya kulia hapa ni mimi, na mbona silii?"

"Nisamehe, dada yangu."

"Sikusamehe. Mdomo hukuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Na wenzako wanayo midomo, wamenyamaza vilevile, na kesho atalazwa mwingine pale pale. Usije kunililia hapa. Nenda ukafanye kitu!"

Biskuti, lakini, hakuzirudisha.

Wiki hiyohiyo Tarlan akaacha kazi. Majirani wakasema amerukwa na akili, amebakiza miaka michache apate kiinua mgongo. Yeye huyo, akaingia kwenye karakana ya mdogo wake Yashar, mkereza vyuma, akavaa ovaroli juu ya gauni.

"Nataka kiegemeo cha mkono," akasema. "Kiinuke, kishuke, kizunguke, kimfae mnene na mwembamba, mrefu na mfupi. Lakini kikifika pembe mraba, kigome. Hata akisukuma fahali, kigome."

"Si tupake alama nyekundu tu, dada? Wataiona."

"Mimi niliona, Yashar! Niliona kwa macho yangu mawili, na bado nikasukuma."

Yashar akakuna kichwa. Akaelewa dada yake anataka nini: muuguzi hathubutu kumwambia daktari hapana, basi chuma kimsemee.

Cha kwanza kilianguka chenyewe. Cha pili kilikaza vizuri, ila skrubu yake ilitaka mikono miwili, na muuguzi wa zamu hana mkono wa ziada. Kwa cha tatu, Yashar mwenyewe alilazwa juu ya benchi, mkono nje, saa baada ya saa, chai yake ikipoa mezani na kipande cha sukari kikimngoja.

"Vidole vinawasha?"

"Kinachoniwasha ni wewe!"

Kiwiko kikaonekana kinabanwa, wakachonga kibonde kwenye sponji kikalie humo. Cha nne, cha tano, cha sita, vyote vikaishia kwenye vyuma chakavu. Cha saba kilipanda na kushuka kwa kubana wenzo mmoja kwa kiganja. Ndani ya kiungo chake kulikuwa na kipingo cha kukigomesha kwenye pembe mraba, kinene kama kidole gumba, na Tarlan alikichomelea kwa mkono wake, kisifunguke kwa spana wala kwa dua.

Hospitali ilikuwa inatafuta viegemeo vya meza zake zote, na karakana haikuwa na kazi nyingine. Yashar akaenda kuonyesha michoro. Akarudi anatazama viatu vyake.

"Kalantari amevipenda," akasema. "Ila anataka kile kipingo kitoke."

"Ukamjibu nini?"

"Dada, yule ni mtu mzito..."

"Nimekuuliza ukamjibu nini!"

"Juu ya macho."

Tarlan akarusha tupa, ikagonga ukuta. "Kipingo kikitoka, nitakuwa nimetengeneza kibao kilekile kilichomlemaza Mahpara, tena kwa mikono yangu! Heri tufunge tukauze vitunguu!"

"Karakana ni yangu, dada."

"Basi utauza wewe!"

Asubuhi akabeba jozi moja mwenyewe hadi hospitali, kipingo kikiwa ndani. Yashar akamfuata nyuma akinung'unika, lakini alimfuata. Chumba cha upasuaji kilikuwa hakina mgonjwa. Wauguzi wamejipanga ukutani na matroni wao, ambaye ndiye mwenye kusema kipi kinunuliwe na kipi kirudishwe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akimpinga Kalantari. Tarlan alijua wazi: kipingo kikitolewa leo, hakitarudi kamwe. Yashar akalazwa mezani, safari hii bila kulalamika. Tarlan akafunga kiegemeo cha kulia. Muuguzi kijana, Aysan, akaambiwa ashike wenzo.

Kalantari akasimama pale anaposimama kila siku. "Peleka mkono juu."

Aysan akaupeleka hadi pembe mraba. Kiungo kikalia ko!

"Zaidi."

"Hakiendi, daktari."

"Nimesema zaidi."

"Hakiendi."

Aysan alikuwa akisukuma kwelikweli, jasho linamtoka. Kalantari akamsogeza kando, akasukuma mwenyewe kwa viganja viwili. Breki za meza zikaachia, meza nzima ikateleza na Yashar juu yake akiita mama yake. Mkono ukabaki palepale kwenye pembe mraba. Muuguzi mmoja ukutani akacheka, akajifanya kukohoa.

"Bibi Tarlan," Kalantari akasema, uso umemwiva, "ondoa upuuzi huu. Mimi nafanya kazi. Nahitaji nafasi ya kusimama!"

Tarlan alikuwa na jibu. Alilipika miezi yote ile mbele ya mashine, lilikuwa refu, tena chungu. Alifungua mdomo.

"Basi sogea wewe, daktari," akasema Aysan.

Binti wa watu mwenyewe alishtuka kusikia lililomtoka, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Lakini hakuomba radhi. Kalantari akawageukia wale wa ukutani, akamtazama mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinamisha kichwa, wala matroni.

Akasogea upande wa miguuni. Nusu hatua.

Akanyoosha mikono juu ya tumbo la Yashar, akapima huku, akapima kule. Nafasi ilimtosha. Kila mtu chumbani aliona kwamba ilikuwa inatosha tangu zamani.

"Vinabaki," akasema matroni. "Vyote, na kipingo chake."

Tarlan hakufurahi. Aliitazama ile nusu hatua, yote iliyokuwa ikihitajika siku ile ya Mahpara, na hasira ikampanda hadi machoni. Kisha akapiga goti, akaanza kukifunga kiegemeo cha kushoto.