Futi Nne Nukta Saba

Ofisini walimwita Nukta, maana hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila yeye kuuliza nukta yake imekaa wapi. Kwa miaka kumi na tisa alibadili vimo vya mpima ardhi kuwa lugha ya mafundi. Mpima ardhi huigawa futi sehemu kumi; fundi ana tepu yenye inchi kumi na mbili. Nukta alikaa katikati yao na kikokotoo chake.

Jumatano moja alikabidhi vimo vya zahanati mpya, akarudi mezani kuanza kazi nyingine. Humo nako akakuta nukta saba; alipoizidisha kwa kumi na mbili, akapata inchi nane na ushee. Mbona asubuhi aliandika saba?

Akavuta nakala. Sakafu ya bafu la wagonjwa: futi 4.7. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: futi 4, inchi 7. Karibu inchi moja na nusu imepotea. Sakafu itakaa chini mno; maji hayataufikia mfereji, yatarudi wodini.

Fundi mkuu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Alimpigia mara tatu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akatoka mbio bila kuaga, viatu mkononi.

Alipofika, mashine ya zege ilikuwa ikinguruma. "Shemeji, simamisha!"

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Bafuni mmeshamwaga?"

"Toroli sita tu."

"Nimekosea mimi. Ongezeni inchi moja na nusu kasoro kidogo."

"Wewe? Nukta?" Shemeji alimtazama mpaka Nukta akatamani atukanwe yaishe. Kisha akawageukia vibarua. "Zoeni hilo zege! Fasta, kabla halijashika! Na hizo mbao za kingo zipandisheni!"

Akapima upya mwenyewe, naye Nukta akamsomea tarakimu moja moja.

Aliporudi ofisini alimweleza mpima ardhi yote bila kujitetea. Mzee akavua miwani. "Vizuri umesema mwenyewe. Na vile vimo vingine tisa?"

Nukta alivikokotoa palepale, wima, jasho likimtiririka mgongoni. Vyote vilikuwa sawa. Mzee akatia sahihi, akamrudishia karatasi.

"Haya mama, kaa sasa unywe maji."

Akakaa. Lakini maji hakuyagusa. Alikuwa ameshaanza tena na kimo cha kwanza.