Nilimtafsiria Rafiki Yangu Uongo

Wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja. Niliishia darasa la nne, mnisamehe nikikosea. Nilikuja Pwani miezi michache baada ya bendera ya Uhuru kupandishwa, na tangu hapo nakata miwa kusini mwa Msambweni. Kwetu ni mbali, upande wa ziwa. Katika kambi nzima ni mtu mmoja tu aliyesema lugha ya mama yangu. Nitamwita Barasa.

Barasa hakuwa mvutaji wa bangi. Mimi ndiye niliyempa, mgongo ulipomzidi. Nilimwambia, "Vuta, hutalihisi jua." Baada ya mwezi alinipita kwa kuvuta. Akaacha kulala. Akawa anasema miwa inamwita kwa jina. Wenyeji walitucheka: "Nyinyi wabara mwavuta kama tanuri la chokaa!" Asubuhi moja alitupa panga, akaketi katikati ya miwa akilia, hataki kuguswa. Msimamizi akatuongoza hadi zahanati.

Kule Kiswahili kilimtoka chote, ikabidi niwe mkalimani. Daktari, mzee wa Kidigo, alifungua faili. "Mwanangu, muulize ametumia kitu gani, na hizo sauti zilianza kabla au baada. Mimi si polisi. Ikiwa ni bangi, tutamtuliza hapa hapa, tungoje imtoke. Ikiwa siyo, basi safari yake ni ndefu."

Nikamuuliza. Barasa akanitazama usoni, akanijibu kwa lugha yetu, wazi kabisa: "Mwambie ni ile uliyonipa."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Anasema hajavuta kitu, daktari. Kwao wako wengine wa namna hii."

Hayo ya ukoo wake sijui niliyatoa wapi. Daktari akayaandika. Siku ya tatu Barasa alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali sana.

Sasa ni mwezi wa tano tangu apelekwe. Kaka yake ameniandikia. Anasema Barasa alitulia baada ya wiki mbili, lakini hawamruhusu kutoka, kwa kuwa faili inasema ni ugonjwa wa ukoo. Wakwe wamemrudisha binti yao nyumbani. Mama yake anauliza, "Ni nani kwetu aliyewahi kuwa hivyo? Wewe uliyekuwa naye, tuambie."

Juzi nilikutana na daktari njiani. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Yule mwenzio aendeleaje?"

Nikasema hajambo, nikapita.

Nikisema kweli nitafukuzwa kazi, na huenda nikafungwa. Nina mke na watoto wawili wanaongoja mkono huu. Nikinyamaza, Barasa atazeeka kule kwa neno langu. Nikirudi chumbani nasema peke yangu kwa lugha yetu, nisije nikaisahau, na kila mara linalonijia kwanza ni lile jibu lake.

Mlio na watoto, na mliowahi kufungiwa kwa kosa la mwingine, nijibuni: niende nikamtafsirie daktari upya? Nifanye nini?